Vijana Waliotumikia Watoto wa Milima Yetu



Katika mwaka wa jubilei kila mutu anahesabu. Paroko anahesabu wabatizwa na ndoa zilizoandikwa katika vitabu. Wazee wanahesabu mapadri waliopita hapa. Kamati ya ujenzi inahesabu mabati na matofali. Sisi tumeombwa kuandika ukurasa wa historia, nasi tumechagua kuhesabu watu ambao hawaandikwi katika kitabu chochote cha parokia: vijana waliojitoa, bila mushahara au kwa mushahara mudogo, kwa kutumikia watoto wa Masisi na wa Walikale. Wengine walitoka ng'ambo ya bahari, wakakaa kati yetu miezi au miaka, kisha wakarudi kwao. Wengine walizaliwa kwenye milima hii na hawakuwa na pahali pengine pa kurudia.

Tumechagua habari hii kwa sababu moja. Mapadri wageni wametuuliza zaidi ya mara moja: «Amani ikirudi, vijana wa parokia zetu wa Ulaya wanaweza kuja kukaa na watoto wenu kwa mwezi mumoja au miwili?» Ni swali la upendo, nalo linastahili jibu la kweli, si jibu la adabu tu. Na jibu la kweli halipatikani pasipo kujua yaliyopita.

1. Pahali na watoto wake

Wageni wengi wanafika Goma, wanaona ziwa na volkano, wanafikiri wameona Kivu. Lakini njia inaendelea. Ukipita Sake unapanda Masisi, inchi ya milima na baridi, ya ng'ombe na maziwa, ya viazi na maharagi. Ukizidi kwenda mangaribi unashuka Walikale, inchi ya musitu na joto, ya muto Lowa na mito mingine mingi. Walikale peke yake ni kubwa kuliko teritwari zote za Kivu ya Kaskazini: ni karibu kilomita mraba 23 500, na mukoa wote una karibu 59 500. Wahunde, Wanyanga, Watembo, Wahutu, Watutsi, Wakano, Wakumu na wengine wanaishi humu, wakichanga soko, shule na kanisa.

Mutoto wa huku anaanza kazi mapema. Anachota maji, anachunga mbuzi, anabeba mudogo wake mugongoni. Akienda shule, mara nyingi anatembea saa nzima au zaidi. Nao wazee wetu walisema: mutoto umuleavyo ndivyo akuavyo. Basi tuulize: ni nani waliosaidia wazazi kulea?

2. Vijana wa kwanza: wakatekista

Shirika la Mapadri Weupe lilianzishwa na Kardinali Lavigerie huko Algiers mwaka 1868. Kardinali aliwapa wana wake kanuni iliyo ngumu: mutu asibatizwe mbio mbio, bali afundishwe muda wa miaka mine. Kanuni hiyo ilizaa kazi ambayo mapadri wachache hawakuweza kuifanya peke yao. Padri mumoja alikuwa na vijiji vingi mbele yake. Hakuweza kukaa miaka mine katika kila kijiji. Kwa hiyo alihitaji vijana wa inchi, wenye kujua lugha ya watu, wa kukaa na watoto kila siku, kuwafundisha sala, kusoma na kuandika.

Hivi ndivyo ilivyokuwa katika Kivu yote. Wa kwanza waliotoa ujana wao kwa ajili ya watoto wetu walikuwa wakatekista: vijana wenye shati moja, waliotumwa pahali ambapo hawakuzaliwa, wakajenga kibanda cha majani, wakapiga ngoma asubuhi ili watoto waje. Mutu akitoka bonde moja la Masisi kwenda kukaa katika musitu wa Walikale, kwa watu wa lugha nyingine, naye ni mumisionari, hata kama hakupanda merikebu.

Wakati ule musaada wa watoto wa Ulaya ulikuwa unakuja kwa njia nyingine. Mwaka 1843 Askofu Charles de Forbin-Janson wa Nancy, katika inchi ya Ufaransa, alianzisha kazi ya Utoto Mutakatifu. Aliwaomba watoto wa kwao mambo mawili tu: Salamu Maria moja kila siku na senti moja kila mwezi kwa ajili ya watoto wa inchi za mbali. Mwaka 1922 Papa Pio XI alifanya kazi hiyo kuwa kazi ya Kanisa zima chini ya Baba Mutakatifu. Tunapenda jambo hili likumbukwe: kabla ya kijana yeyote wa ng'ambo kuja kucheza na watoto wetu, watoto wenzao walikwisha kuwaombea bila kuwaona.

3. Xaveri, shule ya vijana wetu

Mwaka 1952, huko Bukavu, Padri Georges Defour wa Mapadri Weupe alianzisha chama cha Xaveri, kwa jina la Mutakatifu Fransisko Saveri. Wazo lake lilikuwa rahisi, nalo lilikuwa la maana: kijana alelewe kwa kulea wengine. Mukubwa anapewa kikundi cha wadogo. Anawafundisha nyimbo, michezo, usafi, kazi za mikono, na zaidi ya yote kusema kweli. Kijana aliyekabiziwa watoto kumi na wawili hawezi kulewa Jumamosi, kwa maana Jumapili macho ishirini na manne yatamutazama.

Jimbo la Goma lilizaliwa mwaka 1959, na Askofu wake wa kwanza alikuwa mwana wa inchi, Monsinyori Joseph Busimba, aliyeliongoza hata mwaka 1974. Chini yake, na chini ya Monsinyori Faustin Ngabu aliyemufuata hata mwaka 2010, vyama vya vijana vilijaribiwa kwa moto. Mwaka 1972 Serikali ya Rais Mobutu ilikataza vyama vyote vya vijana vya Kanisa. Iliamuru vijana wote wawe katika JMPR, chama cha vijana wa MPR. Majina ya ubatizo nayo yalikatazwa. Mwisho wa mwaka 1974 shule za Kanisa zilichukuliwa na Serikali. Ni mwaka 1977 tu ambapo mapatano yalitiwa sahihi ili Kanisa liweze kuziongoza tena.

Wazee wa parokia wanasimulia namna watoto walivyoendelea kukusanyika wakati ule. Hakukuwa na kitambaa shingoni wala bendera. Walikuwa «watoto wa kufagia kanisa». Walifagia kwa dakika kumi, kisha wakaimba na kujifunza kwa saa moja. Aliyewaongoza alikuwa kijana wa kijiji, akijua vizuri kwamba angeweza kuitwa na wakubwa wa chama. Hakuna mugeni aliyeweza kufanya kazi hiyo kwa nafasi yake.

4. Wageni waliokaa

Hatusemi hivyo kwa kuzarau wageni. Mwaka 1957 Papa Pio XII aliandika barua Fidei Donum, akiomba majimbo ya zamani yasaidie Afrika kwa mapadri na kwa walei. Mutaguso wa Vatikano II, katika hati yake juu ya misioni ya mwaka 1965, ulitambua pia kazi ya walei wanaokwenda inchi za mbali. Serikali za Ulaya nazo zilifungua njia: katika Italia sheria ya mwaka 1966 iliruhusu kijana afanye miaka ya kazi katika inchi maskini pahali pa kwenda jeshini. Kutoka Marekani vijana wa Peace Corps walitumika katika Zaïre tangu mwaka 1970 hata 1991, wengi wao katika shule na katika ufugaji wa samaki.

Wageni wa wakati ule walikuwa na tabia moja tunayoitamani leo: walikaa. Miaka miwili ilikuwa kipimo cha kawaida. Katika mwezi wa kwanza waliugua malaria; katika mwezi wa sita waliweza kubishana sokoni kwa Kiswahili; katika mwaka wa pili walijua mutoto gani ni wa nani, na ni nyumba gani haikupika jana. Walikuwa na kazi inayojulikana, kama kufundisha hesabu, kutibu wagonjwa au kujenga visima, na walikuwa na mukubwa wa hapa aliyewaongoza. Mutoto hakuwa kazi yao. Mutoto alikuwa jirani yao. Ndiyo maana walimupenda bila kumuumiza.

Mwezi wa Septemba 1991 askari waliasi na kupora katika Kinshasa na miji mingine. Wageni wengi waliondoshwa katika inchi. Tangu siku ile, njia ya miaka miwili ikawa nyembamba.

5. Vita, na mulango wa misioni

Mwezi wa Machi 1993, katika soko la Ntoto, teritwari ya Walikale, mauaji yalianza, nayo yakaenea mbio katika Masisi. Watu waliouziana maharagi jana walikimbiana leo. Sisi tunaoandika tulikuwa na miaka kumi na mumoja. Tulikimbia usiku pamoja na wadogo wetu, tukafika penye misioni, tukajengewa kibanda cha miti na plastiki.

Mwezi wa Julai 1994 watu zaidi ya 800 000 walivuka mupaka kutoka Rwanda na kuingia Goma kwa siku chache tu. Katika mwezi wa kwanza karibu watu 50 000 walikufa, wengi kwa kolera. Watoto kwa maelfu walionekana peke yao, bila baba wala mama. Hapo ndipo dunia ilikuja: mashirika, magari, mahema, na vijana wengi wenye moyo muzuri, ambao majuma mawili mbele hawakujua jina la Goma.

Mumoja wao alifika kwetu. Alikuwa musichana wa Ulaya mwenye miaka ishirini na mitatu, nasi watoto tulimuita Dada. Hakujua Kiswahili. Pembeni yake alisimama musichana wa parokia, kiongozi wa Xaveri, mwenye miaka kumi na saba, aliyegeuza maneno yake. Walipaka ubao rangi nyeusi kwa makaa na utomvu. Walitufundisha kuhesabu kwa punje za maharagi. Jioni maharagi yalirudishwa katika mufuko, hata moja lisipotee. Dada alijifunza kuuliza kila mutoto: «Umekula nini?» Ilikuwa sentensi yake ya kwanza, na tunaamini ilikuwa sentensi nzuri kuliko zote alizojifunza.

Kati yetu alikuwa mutoto wa kike wa miaka sita, aliyepoteza wazazi wote wawili. Alishika nguo ya Dada tangu asubuhi hata jua kuzama. Watu wazima walifurahi kuona hivyo. Walisema mutoto amepata mama.

Mwezi wa Mei 1996 vita viliwaka tena katika Masisi. Monasteri ya Watrapisti ya Mokoto, iliyoanzishwa mwaka 1954 na wamonaki kutoka Scourmont katika Ubelgiji, ilishambuliwa. Watu waliokimbilia pale waliuawa, na wamonaki walilazimika kuondoka. Siku zile gari lilifika kwetu mapema sana. Shirika lililomutuma Dada lilikuwa limeamuru aondoke saa ileile na mufuko mumoja. Hakupewa ruhusa ya kuaga watoto, juu ya hofu ya makelele. Tulipoamka, gari lilikuwa limekwisha kushuka mulima.

Mutoto yule alikaa penye mulango wa misioni siku tatu. Alikataa uji. Siku ya ine musichana wa Xaveri alikuja, akakaa chini karibu naye bila kusema neno, akafungua mufuko na kuanza kuhesabu maharagi peke yake: moja, mbili, tatu. Alipofika kumi na ine alikosea kwa makusudi. Mutoto akamusahihisha. Hivyo shule ilianza tena.

Miaka mingi baadaye paroko alipokea barua kutoka ng'ambo. Dada aliomba musamaha kwa kuondoka bila kuaga. Aliandika kwamba hakupita mwaka bila kukumbuka asubuhi ile. Barua ilisomwa kanisani, na watu wengi walilia. Yule mutoto wa miaka sita, ambaye leo ni mama wa watoto wane, alituambia: «Nilimusamehe zamani. Wimbo wake sikuusahau. Lakini mulango nao sikuusahau.»

Na tukiri kosa letu sisi wenyewe. Siku barua iliposomwa, parokia ilimushukuru Dada kwa makofi marefu. Musichana wa Xaveri alikuwa ameketi katika benchi ya tatu, na hakuna aliyetaja jina lake. Hata leo anafundisha watoto wa komunyo ya kwanza. Tulipomuomba ruhusa ya kuandika jina lake katika kitabu hiki cha jubilei, alikataa, akacheka, akasema tuandike majina ya watoto. Nasi tunatii.

6. Vijana wawili wa kuangalia

Kanisa linatupatia siku hizi vijana wawili ambao maisha yao yanaangaza habari hii. Mumoja alisafiri, mwingine alibaki nyumbani.

Wa kwanza ni Helena Kmieć, aliyezaliwa Polandi mwaka 1991. Alisoma uhandisi wa kemia, aliimba vizuri, na aliingia katika kundi la vijana wa misioni la Wasalvatoriani. Alitumika katika Hungaria, Romania na Zambia. Mwezi wa Januari 2017 alikwenda Cochabamba, katika Bolivia, kusaidia masista waliotayarisha nyumba ya watoto wadogo. Alikuwa amefika majuma mawili tu, wakati mutu aliyevunja nyumba usiku alipomuua, tarehe 24 ya mwezi ule. Alikuwa na miaka ishirini na mitano. Mwaka 2024 Jimbo kuu la Kraków lilifungua kesi ya kumutangaza mwenye heri. Tukisoma maisha yake tunaona kwamba safari haikuwa mwanzo: alikuwa amekwisha kutumikia kwao, katika parokia na katika kundi lake, kabla ya kwenda mbali.

Wa pili ni wetu: Floribert Bwana Chui, aliyezaliwa Goma tarehe 13 Juni 1981. Alisoma sheria. Aliingia katika Jumuiya ya Sant'Egidio, iliyoanzishwa na Andrea Riccardi huko Roma mwaka 1968, na pamoja na wenzake alijitoa kwa watoto wa barabarani tunaowaita maibobo: watoto ambao wengi wao walifukuzwa na vita kutoka vijiji kama vyetu. Katika Shule ya Amani alikaa nao, akala nao, akawasaidia kurudi masomoni. Watu wengine wa muji waliogopa watoto hao kama wezi. Yeye aliwajua kwa majina.

Kisha alipata kazi katika OCC, ofisi ya Serikali inayoangalia ubora wa bidhaa penye mupaka. Pale wafanya biashara walitaka kupitisha chakula kilichoharibika, wakamupa pesa. Alikataa. Walimutisha, alikataa tena. Alikamatwa Julai 2007, na tarehe 9 mwili wake ulionekana. Alikuwa na miaka ishirini na sita. Papa Fransisko alimutaja mbele ya vijana wa Kongo katika Kinshasa, tarehe 2 Februari 2023. Na tarehe 15 Juni 2025, katika Basilika ya Mutakatifu Paulo huko Roma, alitangazwa mwenye heri. Goma, muji wake, haukuwa na amani mwaka ule. Wengi wetu tulifuata sala ile kwa redio na simu.

Watu wanauliza: kukataa pesa za wafanya biashara kuna uhusiano gani na kutumikia watoto? Sisi tunaona uhusiano ulio wazi. Chakula kibovu kingeuzwa kwa bei ya chini, na nani anayenunua cha bei ya chini? Ni mama maskini. Na nani anayekula kwanza? Ni mutoto. Kijana aliyewajua maibobo kwa majina hakuweza kutia sahihi karatasi ya kuwatilia sumu. Upendo wake kwa watoto haukuwa mchezo wa Jumamosi. Ulimufuata hata ofisini.

7. Jibu letu kwa wageni

Sasa tunaweza kujibu swali la mapadri. Ndiyo, vijana wenu wanaweza kuja, amani itakaporudi. Lakini tunaomba mutusikie juu ya mambo matano.

La kwanza: wajifunze lugha kabla ya kufika, hata kidogo. Mutoto asiyeeleweka ni picha tu.

La pili: wawe chini ya walimu na wakatekista wa hapa, si juu yao. Kijana asiyeruhusiwa kufundisha kalasi kwao bila diploma asipewe kalasi kwetu kwa sababu ya rangi ya ngozi yake.

La tatu: wasifanye mutoto yeyote kuwa wao. Anayebaki mwezi mumoja asichukue nafasi ya mama. Afazali asaidie wale wanaobaki: atengeneze madawati na walimu, atayarishe vitabu, acheze mupira na kikundi chote. Na siku ya kuondoka ijulikane na watoto tangu siku ya kwanza, ili kuaga kusikose tena.

La ine: walinzi wa watoto wawepo. Sheria ya Kongo ya tarehe 10 Januari 2009 inamulinda kila mutu asiyetimiza miaka 18. Na mwezi wa Mei 2019 Papa Fransisko aliamuru kila jimbo liwe na njia ya kupokea mashitaka juu ya wanaotesa watoto. Barua ya paroko wa kijana, inayoshuhudia tabia yake, si dharau kwake. Ni ukuta wa nyumba.

La tano: wasitafute yatima. Mwezi wa Desemba 2019 Mukutano Mukuu wa Umoja wa Mataifa, katika azimio lake juu ya haki za mutoto, ulionya juu ya madhara ya wageni wanaojitolea katika nyumba za yatima. Sababu yake inajulikana: pahali wageni na pesa vinafuata yatima, yatima wanaongezeka, kwa maana watoto wenye wazazi wanachukuliwa kujaza nyumba. Katika desturi yetu mutoto aliyefiwa ana shangazi, ana mjomba, ana bibi. Anayetaka kumusaidia yatima amusaidie bibi yake.

Kuna nyumba za Kanisa zinazofanya kazi hii kwa hekima. Wasalesiani wa Don Bosco Ngangi, Goma, wamepokea kwa miaka mingi watoto waliopotea, watoto waliotoka katika majeshi, na familia kwa maelfu kila mara vita vinapokimbiza watu. Wageni wanaojitolea wanapokelewa pale, lakini nyumba haisimami juu yao. Wakiondoka, kengele inapigwa saa ileile.

8. Jibu letu kwetu sisi wenyewe

Mwezi wa Januari 2025 vita vilifika Masisi-kati, kisha Goma. Mwezi wa Machi vilifika Walikale-kati. Magari ya wageni yaliondoka, kama kawaida, wala hatuwalaumu. Ni nani aliyebaki na watoto katika makanisa, katika shule, katika musitu? Wale wale: wakatekista, wamama wa mashirika, vijana wa Xaveri.

Lakini tumewatendea nini? Mugeni akija tunachinja mbuzi. Kiongozi wa watoto akiomba chaki tunamuambia angojee. Vijana wetu wameona hivyo, nao wamefahamu. Wengine wamekwenda Bisie na machimbo mengine, wengine wamechukua silaha, kwa sababu pale walau kuna mutu anayewahesabu. Tukitaka wenye heri wengine kama Floribert, tusingojee watoke mbinguni wakiwa wamekwisha kukomaa. Wanapita mbele ya mulango wa kanisa kila siku, na miaka kumi na saba, na nguo moja.

Kwa hiyo tunaleta ombi moja mbele ya baraza la parokia. Katika sherehe ya jubilei, kabla ya kushukuru wafazili kutoka mbali, viongozi wote wa watoto, wa zamani na wa sasa, waitwe mbele ya altare, nao watoto wawaimbie. Majina yasisomwe, kama wanavyopenda wenyewe. Ila watoto wote wapewe punje moja ya maharagi, waje mumoja mumoja kuiweka katika kapu. Maharagi hayo yapandwe katika shamba la parokia msimu unaofuata, na mavuno yawe chakula cha watoto wa katekisimu.

Kwa wageni waliokuja na kutupenda, tunasema aksanti, na kwa Dada, kama kitabu hiki kitamufikia: mulango uko wazi, uje muchana, na siku utakapoondoka tutakusindikiza wote hata barabarani.

Yesu Kristu asifiwe.